KIENDESHI CHA KADI YA MTANDAO: SOMO JUU YA UJENZI WA KIINI CHA MFUMO ENDESHI

Utangulizi

Wilaya ya Kilolo, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Iringa, ni nchi ya milima na mabonde. Upande mmoja ipo Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia. Upande mwingine zipo Dabaga, Bomalang'ombe na vijiji vya safu ya Udzungwa, mahali penye ukungu na baridi, ambako barabara za udongo huteleza wakati wa masika. Kumleta fundi wa kompyuta kutoka Iringa mjini hadi huko, au kumpelekea mashine mbovu, ni gharama kubwa kwa shule.

Kwa sababu hiyo limezoeleka jambo moja la kusikitisha. Shule hupata kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine. Mashine huwashwa, kioo hung'aa, herufi huandikika, lakini mtandao haupatikani. Baada ya majaribio mawili matatu hufunikwa kitambaa na kuwekwa pembeni, na watu husema: "Imekufa." Aghalabu haikufa. Imekosa kipande kidogo cha programu kiitwacho kiendeshi cha kadi ya mtandao, au kipande hicho kimo lakini hakikuchaguliwa wakati mfumo ulipojengwa.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu na mwanafunzi wa sekondari kipande hicho ni nini, hufanya kazi gani, na jinsi ya kukichagua barabara wakati wa kujenga kiini cha mfumo endeshi. Tutatumia zaidi mfumo wa Linux, kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Mwishoni yamo maswali ya darasani.

1. Kiini cha mfumo endeshi

Kompyuta ina sehemu nyingi: kichakato, kumbukumbu, diski, kibodi, kioo na kadi ya mtandao. Programu tunazotumia, kama ile ya kuandikia barua, hazizungumzi na sehemu hizo moja kwa moja. Kati yao ipo programu kuu inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za kutumia kichakato, na inayolinda vifaa visiguswe ovyo. Programu hiyo ndiyo kiini.

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Tangu hapo kimeendelezwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi. Jambo la kushangaza wengi ni hili: sehemu kubwa zaidi ya msimbo wake haihusu kugawa kumbukumbu wala kupanga zamu, bali ni viendeshi vya vifaa. Sababu yake ni rahisi. Kanuni za kugawa kumbukumbu ni chache, lakini vifaa vilivyotengenezwa duniani ni vingi mno, na kila kimoja kina desturi zake.

2. Kadi ya mtandao na mkalimani wake

Kadi ya mtandao ni kifaa kinachogeuza data iliyomo katika kumbukumbu kuwa ishara za umeme, za mwanga au za redio, na kugeuza ishara zinazofika kuwa data tena. Kadi za waya zinazotumika sana hufuata utaratibu uitwao Ethernet, uliobuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California na Robert Metcalfe na wenzake. Kila kadi ya Ethernet hupewa anwani yenye biti 48. Biti 24 za kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, na 24 zinazobaki huitambulisha kadi yenyewe.

Ndani ya kadi yamo matundu madogo ya kumbukumbu yaitwayo rejista. Kiini kikitaka kadi ipeleke pakiti, hakina budi kuandika namba fulani katika rejista fulani kwa mpangilio fulani. Shida ni kwamba mpangilio huo si mmoja. Kadi ya Realtek ina wake, ya Intel ina wake, na hata kadi mbili za kampuni moja zaweza kutofautiana.

Tuchukue mfano. Mgeni kutoka pwani akifika Dabaga ataamkiwa "Kamwene." Asipojua Kihehe, ataisikia sauti lakini hataielewa maana, wala hatajua namna ya kuitikia. Akipata mkalimani, mazungumzo yataendelea. Mgeni huyo hana upungufu wa akili, na wenyeji hawana kosa. Kilichokosekana ni mkalimani. Kiendeshi ndicho mkalimani huyo. Upande mmoja hukielewa kiini, ambacho huamuru kwa lugha moja tu: "peleka pakiti hii." Upande wa pili huielewa kadi, pamoja na rejista zake zote.

Ndiyo kusema kadi nzima isiyo na kiendeshi chake hufanana kabisa na kadi mbovu. Taa zake zaweza kuwaka, waya waweza kuwa mzima, na bado hakuna pakiti itakayopita.

3. Kuitambua kadi kabla ya kuchagua

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kukisia. Kadi yaweza kuandikwa jina la duka juu yake, lakini kipande chake cha ndani kikawa cha kampuni nyingine kabisa. Kiini hakisomi jina lililoandikwa kwenye boksi. Husoma namba.

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu. Kadi za njia ya ISA, kama zile zilizofuata mtindo wa NE2000 wa kampuni ya Novell, kwa kawaida hazikuweza kujitambulisha zenyewe. Fundi alilazimika kujua anwani ya mlango wake, kwa mfano 0x300, na namba ya ishara yake ya kukatiza, kisha akiambie kiini. Akikosea tarakimu moja, kompyuta yaweza hata kuganda. Njia ya PCI, iliyoingia katika miaka ya 1990, iliondoa adha hiyo. Kila kadi ya PCI hubeba namba mbili za msingi: namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. Kiini huziuliza namba hizo wakati wa kuwaka, kisha hutafuta kiendeshi kilichotangaza kwamba kinazijua.

Katika Linux, namba hizo huonekana kwa amri hii:

lspci -nn

Katika orodha itakayotokea, tafuta mstari unaotaja Ethernet. Mwishoni mwake zipo namba mbili zilizotengwa na nukta pacha. Mifano michache ni hii:

10ec:8139 ni kadi ya Realtek ya megabiti 100 kwa sekunde. Kiendeshi chake ni 8139too.
10ec:8168 ni kadi ya Realtek ya gigabiti moja. Kiendeshi chake ni r8169.
8086:100e ni kadi ya Intel ya gigabiti moja; kiendeshi chake ni e1000.

Namba hizi zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ambamo herufi a hadi f husimama mahali pa 10 hadi 15. Hivyo 10ec ni sawa na 4,332 katika hesabu ya kawaida. Kampuni ya Intel ilijichagulia 8086, namba ya kichakato chake mashuhuri cha mwaka 1978.

Amri ya pili, lspci -k, huonyesha ni kiendeshi gani kinachoitumikia kila kadi kwa wakati huo. Kama chini ya mstari wa Ethernet hakuna kiendeshi kilichotajwa, basi tumeupata ugonjwa.

Yafaa mwalimu aandike namba hizi kwenye daftari la vifaa vya shule, mashine kwa mashine. Daftari hilo litaokoa siku nyingi za kukisia.

4. Ndiyo, hapana, au moduli

Kujenga kiini maana yake ni kuuchukua msimbo chanzo, ambao mtu aweza kuusoma, na kuutafsiri kuwa lugha ya mashine. Kabla ya kutafsiri, mjenzi huulizwa ni sehemu gani anazitaka. Amri ya kufungulia orodha ya maswali ni:

make menuconfig

Kadi za waya zimo katika orodha iitwayo Device Drivers, yaani viendeshi vya vifaa. Ndani yake ipo Network device support. Na ndani ya hiyo ipo Ethernet driver support. Humo viendeshi vimepangwa kwa majina ya watengenezaji. Penye kila kiendeshi pana majibu matatu.

Jibu la kwanza ni y, yaani ndiyo. Kiendeshi kitaunganishwa ndani ya kiini chenyewe, nacho kitakuwapo tangu kompyuta inapoanza kuwaka.

Jibu la pili ni m, yaani moduli. Kiendeshi kitatafsiriwa, lakini kitawekwa pembeni kama faili katika diski. Kiini kitakiita pale kitakapoiona kadi inayohusika.

Jibu la tatu ni n, yaani hapana. Kiendeshi hakitatafsiriwa kabisa.

Ni lipi lililo bora? Inategemea. Kwa kompyuta ya kawaida yenye diski yake, moduli yafaa zaidi: kiini hubaki kidogo, na mtu akibadili kadi hana haja ya kujenga upya, mradi moduli ya kadi mpya imo. Lakini ipo hali ambayo moduli haiwezi kutosha, na hali hii yastahili kufikiriwa kwa makini darasani.

Tuseme shule ina kompyuta kumi zisizo na diski, nazo zinasoma mafaili yao yote kutoka mashine moja kubwa kupitia mtandao. Mpangilio huu huokoa fedha, maana diski ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema. Mjenzi akiweka kiendeshi cha kadi kama moduli katika diski ya mashine kubwa, itakuwaje? Kiini kitawaka na kutaka kuyafikia mafaili. Ili kuyafikia kinahitaji mtandao. Ili kupata mtandao kinahitaji moduli. Na moduli imo katika mafaili yale yale kisiyoweza kuyafikia. Ni sawa na mtu aliyeufungia ufunguo ndani ya nyumba. Katika hali hiyo hapana budi kiendeshi kiwe ndani ya kiini kwa jibu la y, pamoja na machaguo mengine mawili: CONFIG_IP_PNP, linalokiwezesha kiini kupata anwani kikiwa bado kinawaka, na CONFIG_ROOT_NFS, linalokiwezesha kuyasoma mafaili makuu kwa njia ya mtandao. Njia nyingine ni kukipa kiini furushi dogo la mafaili ya kuanzia, linalopakiwa katika kumbukumbu pamoja nacho, na kuiweka moduli humo.

5. Vitu vinavyotegemeana

Kiendeshi hakisimami peke yake. Majibu yote ya mjenzi huandikwa katika faili liitwalo .config, na kila jibu ni mstari mmoja. Kwa kadi ya Realtek ya megabiti 100, mistari inayohusika ni kama hii:

CONFIG_NET=y
CONFIG_INET=y
CONFIG_PCI=y
CONFIG_NETDEVICES=y
CONFIG_ETHERNET=y
CONFIG_NET_VENDOR_REALTEK=y
CONFIG_8139TOO=m

Mstari wa kwanza huruhusu mtandao kwa jumla. Wa pili huleta kanuni za TCP/IP, ambazo ndizo msingi wa intaneti. Wa tatu hukiwezesha kiini kuiona njia ya PCI. Wa nne na wa tano huruhusu kadi za mtandao na zile za Ethernet. Wa sita hauleti kiendeshi chochote. Hufungua tu ukurasa wa maswali yanayohusu Realtek. Wa saba ndio kiendeshi chenyewe.

Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Hukitafuta kiendeshi katika orodha wasikione, wakadhani hakijaandikwa. Kumbe kimefichwa kwa sababu jambo kinachokitegemea limejibiwa hapana. Mtu akifunga mlango wa CONFIG_NET_VENDOR_REALTEK, vyote vya Realtek hutoweka machoni. Dawa ni kubonyeza kitufe cha mkwaju (/) katika menuconfig, kisha kuandika jina la kiendeshi. Orodha itaonyesha kinategemea nini, na lipi kati ya hayo halijatimizwa.

Mfumo wa FreeBSD una desturi tofauti, lakini kanuni ni ile ile. Huko mjenzi huandika faili la maelezo, na kila kiendeshi hutajwa kwa neno device. Mwenye kadi ya Realtek ya gigabiti moja huandika device re. Lakini ni lazima aandike pia device miibus, yaani sehemu ya pamoja inayosimamia kile kipande cha kadi kinachoshika waya. Akiifuta miibus kwa kudhani haina kazi, ujenzi utakwama. Faida moja ya FreeBSD ni kwamba unaposimika kiini kipya, kile cha zamani huhifadhiwa kwa jina la kernel.old, tayari kutumika kipya kikishindwa.

Lipo pia jambo la programu ya ndani ya kadi. Baadhi ya kadi, hasa za mtandao usio na waya, haziwezi kufanya kazi mpaka kiendeshi kizipakie faili maalumu kutoka katika folda ya /lib/firmware. Kiendeshi cha namna hii kikiwekwa kwa jibu la y, chaweza kuanza kabla diski haijafunguliwa, kikalikosa faili lake. Kwa kadi kama hizo ni salama zaidi kuchagua moduli.

6. Kujenga na kusimika

Majibu yakishakuwa tayari, amri ni hizi kwa mfuatano:

make
make modules_install
make install

Ya kwanza hutafsiri msimbo. Ya pili huweka moduli katika folda ya /lib/modules, chini ya jina la toleo la kiini hicho. Ya tatu huweka kiini chenyewe mahali pa kuwashia. Amri ya pili na ya tatu hutolewa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine.

Katika mashine kuukuu, amri ya kwanza yaweza kuchukua saa nyingi, na ujenzi huhitaji nafasi ya gigabaiti kadhaa katika diski. Umeme ukikatika katikati, usikate tamaa: ukitoa amri ya make tena, kazi huendelea kwa sehemu zilizobaki, wala haianzi upya yote. Lakini busara ni kujenga katika mashine yenye nguvu, kisha kukihamishia kiini katika mashine dhaifu. Ikiwa mashine ya kujengea ni ya biti 64 na ile dhaifu ni ya biti 32, ongeza ARCH=i386 katika kila amri ya make, tangu ile ya menuconfig.

Ipo njia ya mkato iitwayo make localmodconfig. Hiyo hutazama moduli zinazotumika katika mashine wakati huo, na kuzizima nyingine zote, hivyo ujenzi huwa mfupi sana. Lakini ina hatari yake: kifaa ambacho hakikuchomekwa saa hiyo hakitahesabiwa. Mwalimu atakayeitumia bila kuchomeka kadi ya akiba ataijutia siku ile kadi ya kwanza itakapoungua kwa radi.

Na ipo kanuni moja isiyovunjwa: usikifute kiini cha zamani kabla kipya hakijathibitika. Kiache katika orodha ya kuwashia. Kipya kikishindwa, utakirudia cha zamani, na darasa litaendelea kesho yake kama kawaida.

7. Kupima, na kutambua kasoro

Baada ya kuwasha kwa kiini kipya, toa amri ya uname -r kuhakikisha kwamba kinachofanya kazi ni kipya kweli. Kisha toa ip link. Ikiwa utaona jina moja tu, lo, ambalo ni njia ya kompyuta kujizungumzia yenyewe, basi kiini hakijaipata kadi. Ukiona jina jingine, kama eth0 au enp2s0, kadi imepata mkalimani wake. Kasoro za kawaida ni hizi:

(a) Kadi haionekani hata katika lspci. Kasoro si ya kiendeshi. Kadi haikukaa vizuri katika nafasi yake, imezimwa katika matayarisho ya mashine, au imekufa kweli.

(b) Kadi inaonekana katika lspci, lakini haina kiendeshi. Jibu lilikuwa n, au moduli haikusimikwa. Jaribu modprobe ikifuatiwa na jina la kiendeshi, kwa mfano modprobe r8169. Ikiwa jibu ni kwamba moduli haipo, yaelekea amri ya make modules_install ilisahauliwa.

(c) Moduli ipo lakini inakataliwa kwa sababu ya toleo. Ilijengwa kwa ajili ya kiini kingine. Moduli na kiini ni lazima vitoke katika ujenzi mmoja.

(d) Kiendeshi kipo, jina lipo, lakini hakuna mawasiliano. Soma ujumbe wa kiini kwa amri ya dmesg. Huenda programu ya ndani ya kadi haikupatikana, au waya umelegea, au anwani haikuwekwa. Kasoro ya anwani si ya kiini tena.

Swali moja hubaki. Kama kiendeshi hakimo, na msimbo wake uko katika intaneti, na kompyuta haina intaneti, tutafanyaje? Katika vijiji vya Kilolo jibu limo mifukoni mwa watu. Simu nyingi za kisasa zaweza kuigawia kompyuta mtandao kwa waya wa USB. Kwa hiyo kila ajengaye kiini kwa ajili ya shule ya mbali na aweke, hata kama hakuombwa, machaguo haya matatu kama moduli: CONFIG_USB_USBNET, CONFIG_USB_NET_RNDIS_HOST na CONFIG_USB_NET_CDC_NCM. Siku kadi itakapoharibika, simu itakuwa daraja.

8. Kiendeshi chema na hesabu ya ishara

Si kila kiendeshi kinachofanya kazi hufanya kazi vizuri. Tuangalie hesabu ifuatayo, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya.

Pakiti ndogo kabisa ya Ethernet ina baiti 64. Kabla yake hutangulia baiti 8 za utangulizi, na baada yake huachwa nafasi ya baiti 12. Jumla ni baiti 84, yaani biti 672. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde waweza basi kupitisha:

100,000,000 ÷ 672 = pakiti 148,810 hivi kwa sekunde.

Kwa desturi ya zamani, kila pakiti ilipofika kadi ilipeleka ishara ya kukatiza: kichakato kiache kilichokuwa kikifanya, kije kupokea. Tuseme kila katizo hugharimu sehemu kumi za milioni za sekunde. Basi:

148,810 × 0.00001 = sekunde 1.488.

Ndiyo kusema kazi ya sekunde moja ingehitaji karibu sekunde moja na nusu. Haiwezekani. Kompyuta ingekuwa ikiinuka tu kuitikia wito, bila kupata nafasi ya kuishughulikia pakiti hata moja.

Mfano wake ni karani wa ghala la mahindi wakati wa mavuno. Kila mkulima anayefika hupiga kengele, na karani huacha kalamu aende mlangoni. Wakulima wakiwa watatu, hakuna ubaya. Wakiwa mia tatu, karani atashinda akikimbia mlangoni na hatoandika gunia hata moja. Karani mwenye busara akisikia kengele ya kwanza, huizuia kengele isilie tena. Kisha huhudumia mstari wote mpaka uishe, na ndipo anapoiachia kengele.

Utaratibu huo ndio uliotiwa katika kiini cha Linux kwa jina la NAPI. Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov waliueleza mwaka 2001. Pakiti ya kwanza hukatiza. Kiendeshi huzima makatizo ya kadi. Kiini huzichota pakiti kwa mafungu mpaka foleni iishe. Kisha makatizo huwashwa tena. Kwa njia hiyo kompyuta ya kawaida iliweza kufanya kazi ya kuelekeza pakiti, kazi iliyodhaniwa kuwa ya mashine za bei kubwa.

9. Yanatuhusu nini?

Tanzania imepita njia ndefu katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilisimikwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na baadaye ukaruhusiwa tena. Sera ya Taifa ya TEKNOHAMA ilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umefika hadi Nyanda za Juu Kusini.

Lakini mkongo hauingii wenyewe darasani. Katika miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Kifalme cha Teknolojia cha Sweden (KTH), iliendesha mradi wa TEKNOHAMA kwa maendeleo ya vijijini katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara. Shule, huduma za afya na ofisi za halmashauri ziliunganishwa. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni umeme: mtandao wa kijijini hauna budi kutumia vifaa visivyokula umeme mwingi. Hapo ndipo thamani ya kujenga kiini chako mwenyewe inapoonekana. Kiini kilichoachiwa yale tu yanayohitajika huweza kukaa katika mashine ndogo, yenye kumbukumbu ndogo na moto kidogo wa umeme.

Hitimisho

Tumeona kwamba kadi isiyo na kiendeshi si kadi mbovu. Kwamba kadi hutambuliwa kwa namba na si kwa jina la dukani. Kwamba majibu y, m na n yana matokeo tofauti, hasa pale mashine isipokuwa na diski. Na kwamba kiini cha zamani kihifadhiwe mpaka kipya kithibitike. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililo gumu kuliko hesabu za kidato cha tatu. Yanataka utaratibu, daftari na uvumilivu. Shule yenye wanafunzi watatu au wanne wanaoyajua haitaifunika tena kompyuta kitambaa kwa kungoja fundi apande mlima.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kiini na kiendeshi.

2. Geuza 8086 na 8168 kutoka mfumo wa kumi na sita kuwa hesabu ya kawaida. (Majibu: 32,902 na 33,128.)

3. Biti 24 za mwisho za anwani ya kadi huweza kutofautisha kadi ngapi? (Jibu: 16,777,216.)

4. Kompyuta isiyo na diski ilijengewa kiini chenye CONFIG_R8169=m, bila furushi la mafaili ya kuanzia. Eleza hatua kwa hatua kwa nini haitawaka mpaka mwisho.

5. Rudia hesabu ya sehemu ya 8 kwa waya wa gigabiti moja. Kila katizo lisizidi muda gani ili kichakato kiweze kuhimili, hata kama hakifanyi kazi nyingine? (Jibu: sekunde 0.000000672.)

6. Zoezi la vitendo: kwa kutumia lspci -nn na lspci -k, tengeneza jedwali la kompyuta zote za shule yenu lenye safu nne: mashine, namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa, na kiendeshi. Ikiwa ipo mashine iliyowekwa pembeni kwa kudhaniwa kuwa imekufa, anza na hiyo.